Kitanda cha Mzee Mabruki

Mwatumu aliporudi chumbani alimkuta Mashavu ameingiza vidole kinywani mwa baba yake, na baba yake anatafuna.

Ilikuwa ndizi mbivu. Harufu yake ilijaa chumba kizima, na ganda lenyewe lilikuwa pale pale juu ya kifua cha mzee, halijafichwa hata kidogo. Mchana kweupe, mlango wazi, majirani wamejaa uani na ndoo zao. Mtu anayetaka kufanya kosa la namna ile angalau angerudishia mlango.

"Toa mkono," Mwatumu akasema.

Mashavu hakuutoa. Alisubiri baba yake ameze, akamfuta kidevu kwa pindo la kanga, ndipo akageuka. Macho yake yalikuwa makavu.

"Alikuwa na njaa, Bi Mwatumu."

"Najua alikuwa na njaa. Mimi niko hapa kwa ajili gani?"

"Hakitaki kijiko chako. Tangu uingie humu hajaonja hata tone la uji wako, na wewe unajua. Leo kanishika mkono akaniomba ndizi. Baba yangu mimi, ananiomba. Ulitaka nifanyeje?"

"Nilitaka uniite."

"Ungekuja na kijiko."

Neno hilo likamuudhi Mwatumu. Alisimama pale katikati ya chumba na mikono yake iliyofungwa ngozi kuanzia vifundoni hadi ncha za vidole. Fundo la ngozi ile alilifunga Mashavu mwenyewe siku Mwatumu alipoingia humo kuwa mlinda kitanda, mbele ya ukoo wote, kama ilivyo desturi. Mwenye nyumba hufunga, mwenye nyumba hufungua. Katikati ya kufunga na kufungua, mlinda kitanda hana viganja.

Pale Chumvini mtoto huijua sheria ya kitanda kabla hajajua jina la babu yake. Karama hutoka kwa anayekufa kwenda kwa mrithi, kiganja juu ya kiganja, na pumzi ya mwisho katikati. Haigawanyiki. Haizai. Asiyelala chini ya paa moja na mwenye nayo hapokei kitu hata akikumbatia maiti mpaka asubuhi. Na mrithi halishi. Zamani, kabla ya kuwapo walinda vitanda, warithi walichoka kusubiri, na uji wa wagonjwa ukawa na mengi ndani yake zaidi ya unga. Ndipo ikajulikana kwamba mrithi akimlisha anayekufa, karama huchacha njiani na kupotea. Ilijulikanaje, hakuna aliyekumbuka. Lakini wazee wakaanza kufa kwa ugonjwa wao wenyewe, na hiyo si haba.

Kazi ya Mwatumu ilikuwa kukaa karibu na kitanda usiku na mchana, kumlisha mgonjwa kwa kijiko kirefu alichokibana kati ya mikono miwili isiyo na vidole, na saa ikifika, kusimama mlangoni na kuwatangazia watu: kitanda ni safi. Neno hilo likitoka, mrithi hupokea. Lisipotoka, hupokea mrithi wa pili.

Na mrithi wa pili wa Mzee Mabruki alikuwa mgeni.

"Utasema?" Mashavu akauliza.

"Nyamaza kwanza. Acha nifikiri."

"Bi Mwatumu, utasema?"

Kitandani mzee alilamba midomo yake polepole, macho yamefumba. Pumzi ilikuwa inakwenda, inasimama, halafu inakwenda tena. Mwatumu alikuwa amezisikia pumzi za namna hiyo katika nyumba nyingi. Huyu hafiki jioni.

"Usimguse tena," akasema, akatoka uani.

*

Uani watu walimtazama usoni kisha wakatazama mikono yake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mlinda kitanda haulizwi.

Ndoo zilikuwa tupu zote. Tangu Mzee Mabruki alale chini, lambo la Chumvini lilikuwa limerudia hali yake ya asili, maji ya magadi, yanayokaba koo na kuwachubua watoto midomo. Mji mzima ulijengwa kando ya maji ambayo hayanyweki kwa sababu moja tu: kila alfajiri mtu mmoja aliingia mpaka magotini, akalaza kiganja juu ya maji, na maji yakatulia yakawa matamu. Zamani watu wa karama hiyo walikuwa kadhaa. Mmoja alitumbukia kisimani akiwa peke yake. Mwingine alianguka kwenye arusi huku anacheka, akafa kabla kicheko hakijaisha, na aliyekuwa karibu naye ni mpiga ngoma wa kijiji kingine. Akabaki Mabruki. Tangu hapo hakuruhusiwa kwenda hata chooni bila binti yake kumfuata.

Ndivyo mji ule ulivyokuwa. Bi Tabu aliwasha majiko yote kwa ncha ya kidole, basi hakuna aliyejua kuwasha moto kwa njia nyingine, na nyumba zilijengwa kwa kubanana ili bibi wa watu asichoke kutembea. Ngwali aliziba nyufa za vyungu kwa dole gumba, basi wafinyanzi wakafinyanga ovyo ovyo. Kulikuwa na mama mmoja aliyeweza kumnyamazisha mtoto yeyote kwa kumpulizia sikioni, na mama huyo alikuwa na kiburi kisichosemeka, na hakuna mzazi aliyethubutu kugombana naye. Kuchimba kisima kirefu, kuchuja maji kwa mchanga na mkaa, mambo hayo hayakuwahi kumpitia mtu akilini. Ya nini, na Mabruki yupo?

Mgeni alikuwa amechuchumaa kando ya zizi la mbuzi. Alijiita Mfalme Radi, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akitawala hata kuku. Wageni majina yao ndiyo hayo. Huja wakiwa na mapanga ya kung'aa, huuliza maswali yale yale, hutafuta majoka, kisha wakikosa majoka huondoka. Huyu alibaki. Misimu kadhaa alimsaidia Mzee Mabruki kuzoa tope lamboni, akala kwake, akalala chini ya paa lake, mpaka mzee akamfanya mtoto wa hiari na mrithi wa pili.

"Shikamoo, mama," Radi akasimama. "Mzee anaendeleaje?"

"Marahaba. Njoo huku." Akamwongoza mpaka nyuma ya zizi. "Nakuuliza kitu, unijibu bila mbwembwe. Nyinyi wageni mnasema dunia hii imejengwa."

"Ndiyo, mama. Ni gemu. Nilishakueleza."

Alishaeleza, na wageni wengine walishaeleza kabla yake. Watu wa Chumvini waliipokea habari hiyo kwa utulivu, wakauliza kama aliyeijenga anaweza kuongeza mvua, wakaambiwa haiwezekani kirahisi, wakarudi mashambani. Mgeni mmoja aliwahi kumwambia Mwatumu usoni kwamba yeye si mtu, ni hesabu tu zinazotembea. Mwatumu akamuuliza kama hesabu huwa inaumwa mgongo. Mgeni akaondoka bila kuaga.

"Karama hazizai," Mwatumu akasema. "Hiyo waliiweka wajenzi?"

"Waliiweka wao. Kila karama iliwekwa kwa idadi maalumu ndani ya mitambo, haiwezi kunakiliwa. Nasikia walifanya hivyo ili mitambo isielemewe, halafu wakaona inaleta msisimko, wakaiacha."

"Msisimko."

"Samahani, mama."

"Na kulala chini ya paa moja?"

"Hiyo nayo ni yao. Mfumo unahesabu watu wa kaya."

"Na sheria ya kulisha? Hiyo ni ya wajenzi, au ni yetu?"

Radi akageuka. Akalitazama dirisha la chumba cha mgonjwa. Kijana hakuwa mpumbavu.

"Amelishwa?"

Mwatumu naye akalitazama dirisha.

"Mama, usimwache Mashavu apokee! Sikutanii." Sauti yake ilikuwa imepanda, akaishusha. "Sisi wageni tuna jukwaa letu huko nje, tunapeana habari. Kuna mji unaitwa Ukingo. Jamaa mmoja alimnywesha mama'ke supu, halafu akapokea. Ikapotea. Karama ya kuunga mifupa, imepotea moja kwa moja. Mpaka leo mtu wa Ukingo akivunjika mkono unabaki umepinda. Nimeiona kwa macho yangu, mikono iliyopinda."

"Na supu uliiona?"

"Supu nimesimuliwa."

"Na nani?"

"Na watu wote, mama. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua: Mwatumu naye ndivyo alivyofundishwa.

"Basi nipokee mimi," Radi akasema. "Mimi ni mrithi wa pili. Sijamlisha kitu."

"Utakuwa lamboni kila alfajiri?"

"Nitajitahidi."

"Sikukuuliza kama utajitahidi."

Radi akainamisha kichwa.

"Msimu uliopita," Mwatumu akasema, "ulisimama katikati ya soko, macho wazi, hujibu, hupepesi, mbuzi wanajikuna kwako. Ukazinduka siku nyingine kabisa ukasema umeme ulikatika."

"Ulikatika kweli! Transfoma ya mtaani kwetu iliungua."

"Sijui transfoma ni nini. Ninachojua ni kwamba watoto wa Chumvini wanakunywa maji kila siku."

Kijana aliposema tena hakuwa na sauti ya kifalme hata chembe.

"Jina langu ni Elipidi, mama. Niko Morogoro, chumbani kwa dada yangu, nimevaa miwani ya gemu. Nikiivua, sipo. Mwakani naanza kazi, na dada anaolewa, sijui nitakaa wapi. Nampenda yule mzee. Baba yangu mimi sikumjua. Lakini siwezi kukuapia kila alfajiri. Nikikuapia nitakuwa nakudanganya."

Ilikuwa mara ya kwanza Mwatumu kumsikia mgeni akisema ukweli uliomkata yeye mwenyewe. Alitamani kumpiga kofi na kumshika mkono kwa wakati mmoja, na hakuweza lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu ya ngozi.

Kutoka dirishani Mashavu akamwita Mwatumu.

*

Mzee Mabruki alikuwa amefumbua macho.

"Usimgombeze," akamwambia Mwatumu. Maneno yalitoka moja moja. "Mimi ndiye niliyemwomba. Nilisubiri mpaka nikasikia miguu yako mlangoni."

Mashavu akainua uso. "Nini?"

"Nilitaka aone."

Nje mtoto wa mtu alilia, akapulizwa sikioni, akanyamaza ghafla.

"Baba, unasema nini?"

"Karama hii ni kamba, mwanangu. Nimefungwa nayo toka nina ndevu za kwanza. Kila alfajiri lamboni. Mama yako alikwenda kwao kuuguza, akafia huko, sikwenda kumzika. Huko ng'ambo ya mlima kuna nini, sijui." Alipumzika. "Wewe nimekuona. Kila jioni unakaa kizingitini unautazama ule mlima. Nikasema huyu asifungwe. Akinilisha na mlinzi akaona, basi. Atapokea Radi. Kijana ana nguvu, hana mke, yupo."

"Hayupo, mzee," Mwatumu akasema. Alisema kwa upole, lakini alisema. "Radi si wa hapa. Huo ni mwili tu unaolala wima. Akiondoka, maji yanaondoka naye, na kurudi kwake si kwa amri yake."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Uso wake ulibadilika polepole, na Mwatumu, aliyeona watu wengi wakifa, alitamani asingeuona ule. Ilikuwa hofu ya mtu aliyejenga nyumba nzima akagundua kiwanja si chake.

"Nilidhani..." akasema mzee.

"Ulidhani!" Mashavu alikuwa amesimama. "Nani alikuambia nataka kuvuka mlima? Uliniuliza lini?"

"Ulikuwa unautazama."

"Nilikuwa natazama mvua, baba! Natazama kama mvua inakuja, lambo lijae, usiingie mpaka kwenye tope lile la chini linalokuumiza miguu! Maisha yangu yote nimekufuata kama kivuli ili niwe wewe. Sijajifunza kazi nyingine. Sijui hata kusuka mkeka!"

Mzee akanyoosha mkono, na binti akaushika, na wote wawili walikuwa wanalia. Mwatumu alisimama akiwatazama akasikia hasira kali, wala si kwa Mashavu, wala si kwa mzee. Laiti wangezungumza, hata siku moja tu, wakila! Lakini ndiyo nyumba za watu. Kila mmoja alimpenda mwenzake kimya kimya mpaka wakafika hapa.

Pumzi ya mzee ikasimama. Ikarudi, fupi.

"Acha nipokee mimi," Mashavu akasema. "Tamka kwamba ni safi. Huenda sheria ile ni hadithi tu. Nani amewahi kujaribu?"

"Ukingo walijaribu."

"Nani kasema?"

"Kila mtu."

"Kila mtu! Bi Mwatumu, nakuomba. Huenda ni hadithi tu."

"Huenda," Mwatumu akasema.

Na kweli huenda. Lakini huenda haijazi ndoo. Akiikosea, karama inazimika ndani ya chumba hiki, na wale walioko uani wataanza kutembea na watoto mgongoni kuelekea mlima ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuvuka, na wadogo hawatafika. Akimpa mgeni, ni yale yale, ila yatachelewa kidogo. Waliolala chini ya paa la mzee walikuwa watatu tu: binti, mgeni, na yeye mlinzi, ambaye hakuwa amemlisha mzee hata kijiko kimoja, kwa sababu mzee alikikataa.

Akamnyooshea Mashavu mikono yake.

"Fundo ulifunga wewe. Lifungue."

Mashavu alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, akarudi nyuma hatua moja.

"Kiapo chako. Uliapa hutapokea kamwe."

"Fungua."

"Watasema ulipanga. Watasema ndiyo maana hakula uji wako. Hakuna nyumba itakayomfungulia mlinda kitanda tena, wewe wala wenzako!"

"Najua watakachosema. Fungua, Mashavu. Sikiliza anavyopumua."

Mashavu alisikiliza. Alikuwa binti wa mtu wa maji. Alizijua pumzi za baba yake kuliko zake mwenyewe. Akainama, akaling'ang'ania fundo kwa kucha, likagoma, akaling'ata kwa meno. Ngozi ikalegea. Viganja vya Mwatumu vikatoka nje, vyeupe, vimekunjamana kwa jasho, viganja ambavyo havikuwahi kupokea kitu kwa mtu yeyote.

Akapiga magoti, akalaza kiganja juu ya kiganja cha mzee. Mzee akamtazama yeye, akamtazama binti yake, akataka kusema neno. Halikutoka. Kilichotoka ni pumzi.

Baridi iliingia kiganjani ikapanda mpaka kwenye kiwiko, na kinywani Mwatumu akasikia ladha ya maji.

*

"Kitanda si safi," alisema mlangoni, akainua mikono yake mitupu ili waione wote.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Bi Tabu alijifunika uso kwa ushungi. Mtu mmoja nyuma akatema mate chini. Radi alisimama kando ya zizi, ameshika kichwa, na kabla jua halijazama akawa amekauka pale pale, macho wazi, hayupo.

Mwatumu alipita katikati yao mpaka lamboni, akaingia hadi magotini, akalaza kiganja. Maji yakatulia. Wakachota, wakanywa, wakarudi kwao, na hakuna aliyemwambia asante.

Mkuu wa walinda vitanda alimjia kesho yake akakivunja kijiko chake mbele ya mlango. Baada ya hapo mambo yalikwenda kama Mashavu alivyosema. Nyumba baada ya nyumba ziliwafungia walinda vitanda mlango. Wagonjwa wakabaki na warithi wao.

Ila hawakulishwa. Hilo Mwatumu hakulitarajia. Mji mzima ulikuwa umeona mlinda kitanda akivunja kiapo cha maisha yake badala ya kumwacha mrithi aliyelisha apokee. Basi waliokuwa wakiishuku sheria ile wakaacha kuishuku. Warithi waliogopa hata kusogeza kata ya maji karibu na kitanda; waliwaita majirani walishe, wakasimama mbali na mikono nyuma. Wazee waliendelea kufa kwa ugonjwa wao wenyewe, na kilichowalinda ilikuwa hofu tu.

Mashavu alibandikwa jina. Wakamwita Mashavu Ndizi, hata watoto. Alikuja lamboni kila alfajiri na ndoo zake, akachota wa kwanza bila kusema neno, akaondoka. Mwatumu alimzoea hivyo. Kuzoea si kupoa. Kila alipomwona moyo ulimuuma upya.

*

Mvua zilikuwa zimekwisha Radi alipozinduka. Alikuja lamboni moja kwa moja, majani makavu yamenasa mabegani mwake, wakati Mwatumu anakausha miguu.

"Mama," akasema, akakaa chini bila kukaribishwa. "Niliwaandikia wajenzi. Sikuridhika. Niliwaandikia mara nyingi mpaka mmoja akanijibu, mwanamke, ndiye aliyetunga sheria za karama."

"Sema."

"Hawakuiweka."

Mwatumu aliendelea kufuta mguu mmoja, ule ule.

"Sheria ya kulisha haimo, mama. Anasema hawakuwahi hata kuifikiria. Mliitunga wenyewe. Alishangaa sana, alifurahi, akasema ni jambo zuri mno kwamba..." Radi akaacha kusimulia furaha ya wajenzi. "Na kuhusu Ukingo, aliangalia kumbukumbu. Yule jamaa hakuwa akilala kwa mama'ke. Alikuwa amehama kaya. Ndiyo maana ikapotea. Supu haikuhusika. Mimi ndiye niliyekuambia. Nisamehe, mama. Nilikuwa naamini."

"Mashavu angepokea."

"Angepokea."

Maji yalimetameta. Mwatumu alivitazama viganja vyake, na kwa muda alivichukia waziwazi.

"Kuna jingine," Radi akasema. "Ameuliza kama waiweke. Sasa hivi, kabisa, ndani ya mitambo. Mrithi akilisha, inapotea kweli. Anasema ni kazi ya asubuhi moja. Wewe ungekuwa hukukosea, mama. Kuanzia hapo ingekuwa kweli."

Lilikuwa jambo tamu, na Mwatumu hakujifanya kwamba halikumvuta. Wazee wangelindwa na dunia yenyewe. Yeye angelala usingizi.

"Ikiwekwa," akauliza, "kuna namna ya kusamehe? Mtoto akimpa baba yake ndizi kwa sababu ana njaa tu?"

"Gemu halisamehi, mama. Halijui njaa. Linaona kitendo."

Mwatumu aliwaza midomo ya Mzee Mabruki ilivyokuwa ikilambwa polepole. Ulikuwa mtego ule, sawa. Lakini mzee alikuwa na njaa pia, na alishiba kidogo, kwa mkono wa mwanawe.

"Waambie waache," akasema. "Sheria yetu ibaki yetu. Iko siku watu watajifunza kuilegeza bila kuwaua wazee wao. Dunia ikiifunga, hakuna wa kuilegeza."

"Basi tuwaambie watu ukweli. Tumwambie Mashavu."

"Ukimwambia Mashavu leo, kesho mji mzima unajua. Na vitanda havina walinzi, Elipidi. Mimi ndiye niliyewaondoa. Kuna wazee watatu mtaa wa juu peke yake, na warithi wao wamechoka."

"Lakini wanamwita..."

"Najua wanavyomwita."

Radi alilia. Wageni pia hulia, ingawa machozi yao hayaonekani. Mabega tu yalitikisika. Kisha akainuka, akamuahidi kunyamaza, akaondoka kwa kupita njia ya nyuma, kwa sababu njia ya mbele alikuwa anakuja Mashavu na ndoo zake.

Mashavu hakuchota. Alisimama ukingoni.

"Nimemwona mgeni," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu mazishi. "Amewauliza waliojenga?"

"Amewauliza."

"Wamesemaje?"

Mwatumu alimtazama usoni, kwa sababu uongo kama ule, ukiusema huku unatazama chini, haufai kitu.

"Wamesema ni kweli. Ingepotea."

Mashavu akashusha pumzi ndefu, na mabega yake, yaliyokuwa yamekakamaa msimu mzima, yakashuka.

"Afadhali," akasema. "Wangesema si kweli, Bi Mwatumu, sijui ningekufanya nini."

Akainama, akajaza ndoo mpaka juu, akamwomba amtwishe. Mwatumu akamtwisha.